Kabla hujagombea urais wa chuo, kawe CR kwanza

Vyuo vikikaribia kufunguliwa, mwezi wa kumi kuelekea wa kumi na moja hivi, naanza kupata meseji za aina moja kutoka kwa wadogo zangu na watoto wa majirani waliopata chuo. Shikamoo dada, nataka kugombea serikali ya wanafunzi, naanzia wapi? Ukiwauliza vizuri unagundua wakisema serikali ya wanafunzi wana maana ya urais, au ikishindikana sana ubunge, lile la msafara kutoka kafteria mpaka hosteli, watu wanaimba jina lako na sura yako imebandikwa kila ukuta. Jibu langu ni moja na huwa haliwafurahishi. Kawe CR kwanza.

Kwa ambao hawajapita huko, CR ni mwakilishi wa darasa, wa kozi yenu. Anachaguliwa wiki za mwanzo kabisa watu wakiwa hata majina hawajuani, mhadhiri anaingia anauliza CR wenu nani, kimya, anarudia tena, mmoja ananyoosha mkono na hapo hapo kaupata. Hamna kampeni, hamna posho, hamna suti. Kuna grupu la WhatsApp la watu mia mbili na ushee, na kuna simu inayoita saa tano usiku mtu anauliza eti kesho asubuhi kipindi kipo au hakipo. Ndo maana watu wanaikimbia hii kazi, na waliopewa wengi wanaona wamebebeshwa mzigo tu. Mimi nilikuwa CR, baadae mwaka wa tatu nikaingia serikali ya wanafunzi, wizara ya mikopo, na mpaka leo nikipima kipi kilinifundisha uongozi nasema bila kusita ni u-CR, ile wizara nilienda kutumia tu nilichojifunza huku chini.

Ngoja nieleze kwa mfano mmoja maana maneno matupu hayasaidii.

Kwenye kozi yetu kulikuwa na dada mmoja katuzidi umri kidogo, ana mtoto kamwacha kwa mama yake Kyela. Majina ya waliopata mkopo yalivyotoka bachi ya kwanza alikuwemo, tukafurahi naye. Bumu la kwanza, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, likaja, watu wakaitwa kusaini, jina lake halimo. La pili, halimo. Akienda dirishani anaambiwa subiri, akirudi wiki ijayo subiri, mpaka akaanza kuongea habari za kuahirisha mwaka. Nikamwomba aniletee kila karatasi aliyonayo, nikazitandaza kitandani hosteli nikawa naangalia moja moja. Kumbe kidato cha nne alifanya mara mbili. Mara ya kwanza alifanya shuleni, namba yake ya mtihani ikaanza na S. Mara ya pili akarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, hiyo inaanza na P. Mkopo aliombea ile ya S, chuo kikamsajili kwa ile ya P. Na Bodi ya Mikopo inamtambua mwanafunzi kwa namba yake ya kidato cha nne, kwahiyo orodha zikikutanishwa huyu mtu mmoja anakuwa watu wawili, mmoja ana mkopo ila hasomi chuo chochote, mwingine anasoma ila hana mkopo.

Hakuna aliyemwonea. Hamna afisa aliyekula hela yake kama watu walivyokuwa wanasema kwenye grupu. Ilikuwa herufi moja. Tukaandika barua, tukaambatanisha vyeti vyote viwili, barua ya udahili na ile karatasi ya mkopo, tukatoa nakala, na nakala yangu nikadai igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe. Hapo kwenye mhuri yule wa mapokezi alinishangaa kidogo, ila akagonga. Nikawa kila baada ya siku kadhaa narudi na ile nakala naonyesha mhuri nauliza imefika kwa nani. Mwishowe hela yake iliingia pamoja na malimbikizo, akalipa madeni ya watu, akamtumia mama yake.

Hii habari nimeieleza kwa urefu kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu ambacho kiongozi wa wanafunzi anatakiwa akijue. Kujua mfumo unafanyaje kazi, kusoma karatasi mpaka mwisho, kuandika barua inayoeleweka, kutunza ushahidi, kufuatilia bila kutukana mtu, na kumjua mwenzako kwa jina na shida yake. Hakuna hata kimoja hapo kinachofundishwa jukwaani.

Sasa linganisha na kampeni za urais. Mgombea anapanda anasema nikiingia madarakani bumu litatoka kwa wakati! Watu wanashangilia mpaka sauti zinakauka. Lakini rais wa wanafunzi hana funguo za Bodi. Bodi ya Mikopo ipo kwa sheria ya mwaka 2004, imeanza kazi 2005, hela yake inatoka serikalini kwa mafungu, na hakuna Mheshimiwa wa chuo chochote anayeweza kuipigia simu ikaamka. Anachoweza kufanya kiko karibu zaidi na kina faida zaidi, ni kukibana chuo chake kipeleke matokeo na orodha ya waliosajiliwa mapema, maana anayeendelea na masomo halipwi mpaka ijulikane amefaulu na amejisajili. Bumu likichelewa kwa kozi fulani na kozi nyingine wameshakula, mara nyingi tatizo liko kwenye ofisi hapo hapo kampasi, mwalimu hajapeleka matokeo, au mtu wa usajili yuko likizo. CR anajua hili kwa sababu ndiye aliyeulizwa na watu mia mbili kwa nini wenzetu wa ualimu wamesaini sisi bado. Mgombea ambaye hajawahi kuwa CR anaahidi kitu asichokijua, sio kwamba ni mwongo, hajui tu.

Na hela yenyewe ya kujikimu ina historia ndefu, vijana wa sasa wanaikuta wanadhani ilikuwa hivi siku zote. Wanafunzi walikuwa wanapewa shilingi 5,000 kwa siku, ikafika 2011 wakawa wanadai 10,000, kukawa na migomo na maandamano, serikali ikapandisha ikawa 7,500. Baadae ikawa 8,500, hapo ndo watu walikuwa wanapokea ile 510,000 maarufu ya siku 60. Ile 10,000 iliyodaiwa 2011 imekuja kufika mwaka wa masomo 2022/2023, wale waliokuwa wanaidai wengi wao wameshaoa na kuolewa na wana watoto wanaokaribia sekondari, na bei ya sahani ya wali maharage haijawasubiri. Naileta hapa kwa sababu inaonyesha kwamba jambo moja linaweza kuchukua vizazi vya viongozi, na kiongozi anayekaa mwaka mmoja halafu anaondoka na mafaili yake anaturudisha sifuri. Hili la mafaili nitalirudia.

Kabla ya hapo niseme kuhusu kiti.

Kuna kiti cha mwanafunzi kwenye Seneti ya chuo, kile kikao kikuu cha mambo ya taaluma, kipo kwenye Baraza la chuo, kipo kwenye kamati nyingi huko chini. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 inatambua serikali za wanafunzi, ndo maana leo una DARUSO pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, UDOSO Dodoma, SAUTSO Mwanza, na juu yao kuna TAHLISO ya vyuo vyote. Watu wanakiona hicho kiti kama kimewekwa tu hapo. Hakikuwekwa tu. Chukua Mlimani peke yake. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa University College Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine vya mjini waliandamana mpaka Ikulu wamevaa majoho yao wakipinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa lile la kukatwa asilimia 60 ya mshahara kwa miezi 18. Mwalimu Nyerere akawapokea, akawasikiliza, akakasirika kwelikweli, akapunguza mshahara wake asilimia 20 siku ile ile na wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao. Mimi kwenye hoja yenyewe niko upande wa Mwalimu. Nchi ya wakulima ilikuwa imewasomesha wachache mno na ilikuwa na haki ya kuwadai. Ila siku ile iliacha swali ambalo halikuisha, kwamba mwanafunzi akiwa na la kusema analisemea wapi, barabarani au mezani?

Miaka iliyofuata Mlimani ikawa moto. 1967 wakaanzisha USARF, chama cha wanafunzi cha mapinduzi ya Afrika, mwenyekiti wake akiwa kijana mmoja wa kutoka Uganda anaitwa Yoweri Museveni. Walter Rodney, yule mwanahistoria wa kutoka Guyana, alikuwa anafundisha pale pale. Wakatoa jarida lao la Cheche, kwenye lile jarida alikuwepo binti anaitwa Zakia Meghji ambaye miaka karibu arobaini baadae alikuja kuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri wa fedha Tanzania. Mwaka 1970 vyote viwili, chama na jarida, vikapigwa marufuku. Julai 1971 rais wa wanafunzi, Mkenya anaitwa Symonds Akivaga, aliandika barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, akilalamikia namna chuo kinavyoendeshwa. Akafukuzwa, wakaja askari wenye silaha wakamchukua akarudishwa Kenya. Wanafunzi wakagoma kuingia madarasani. Kiini cha mgogoro ule kilikuwa ni hicho hicho ninachokiongelea, nafasi ya mwanafunzi kwenye maamuzi ya chuo. Halafu Machi 1978 wakaandamana tena, safari hii wakipinga mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge, mamia wakafukuzwa, chama chao kikaondolewa wakapewa MUWATA iliyokuwa chini ya chama tawala. DARUSO imekuja baada ya hapo, miaka ya mwanzo ya 90.

Na jirani zetu Kenya waliumia zaidi. Titus Adungosi, mwenyekiti wa kwanza wa SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982 alifungwa miaka kumi, akafia gerezani 1988. Kijana wa miaka ya ishirini na kitu. Mimi nikimkumbuka huyu huwa nashindwa kabisa kuvumilia mtu anayechukua uongozi wa wanafunzi kwa ajili ya picha.

Kwahiyo mwakilishi wa wanafunzi akikaa kwenye kile kiti kwenye Seneti, kimelipiwa. Swali ni anakaa afanye nini.

Nikiwa upande wa mikopo nilipata kuingia kwenye kamati. Siku chache kabla ya kikao unaletewa kabrasha, limebanwa vizuri, kurasa nyingi, kuna ajenda, muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa za idara, mapendekezo, mwisho kabisa mengineyo. Wahadhiri wanakuja wamelipigia mistari. Sisi wanafunzi, na nasema sisi kama kundi, wengi tulikuwa tunakuja kabrasha likiwa bado limejikunja vile vile lilivyotoka kwenye bahasha. Unakaa mwisho wa meza, unakula sambusa, ikifika mengineyo ndo unanyoosha mkono unasema maji hayatoki hosteli. Mwenyekiti anasema tumelipokea. Basi. Kumbe ukurasa wa katikati huko umepitisha jambo linalogusa kila mwanafunzi na hakuna hata mmoja wenu aliyefungua mdomo.

Kuna siku kulikuwa na pendekezo la faini ya kuchelewa kujisajili. Aya mbili tu, katikati ya taarifa nyingine, ukipita haraka huioni. Mantiki yake ilikuwa nzuri kwa anayeangalia kutokea ofisini: wanafunzi wanachelewa kujisajili, mfumo unavurugika, tuwatoze faini. Lakini mimi nilikuwa nimetoka kuwa CR. Nilikuwa najua kwa majina nani wanachelewa na kwa nini. Wengi walikuwa wanasubiri bumu ndo walipe ile michango ya kujazia ada, na wengine wamekwama kwenye ile 50,400 ya bima ya afya, bila kulipia bima au kuonyesha kadi nyingine ya bima hujisajili, na mtu ambaye baba yake analima mpunga wa msimu mmoja 50,400 mwezi wa kumi na moja haiokoti. Na usipojisajili bumu halitoki, na bumu lisipotoka hujisajili, halafu juu yake uongezewe faini. Nikaomba nafasi nikalieleza hivo hivo, taratibu, na nilikuwa nimeandika kwenye karatasi kozi moja moja wangapi wako kwenye hali hiyo, maana niliwaomba ma-CR wenzangu wanitumie idadi. Kikao kikanyamaza kidogo. Profesa mmoja akasema hili hatukuliangalia. Wakakubaliana wenye mkopo wasianze kutozwa mpaka bumu la kwanza liwe limetoka.

Hamna aliyenishangilia. Haikutangazwa popote. Wanafunzi wengi hata hawakujua kwamba kulikuwa na faini inakuja. Ila mimi nasema kazi ya serikali ya wanafunzi ni hiyo, na iliwezekana kwa sababu mbili, nilisoma kabrasha na nilikuwa na ma-CR nyuma yangu wenye namba. Uking'oa mojawapo haiwezekani.

Hapa kuna kitu kinaniuma na ngoja nikiseme. Serikali nyingi za wanafunzi zinawatumia ma-CR kama wapeleka matangazo tu. Tangazo linatoka wizarani, CR liweke kwenye grupu. Waziri akitaka watu kwenye mkutano, CR leta watu wako. Lakini bajeti ikipangwa CR hayupo, na ile ada ya serikali ya wanafunzi inayokatwa kwa kila mmoja wetu kila mwaka inaenda kwenye bonanza, fulana na usafiri wa viongozi. Wakati huo huo CR anatoa bando lake mfukoni, anatoa kopi za hendauti kwa hela yake halafu anazunguka kudai mia mbili mbili. Mimi ningekuwa na uwezo kitu cha kwanza ningebadilisha kwenye katiba za hizi serikali ni kuweka baraza la ma-CR linalokutana na mawaziri wote kila mwezi, na kila waziri ajibu hoja za kozi moja moja, na wapewe bando na kopi kutoka kwenye ile ada. Sio gharama kubwa, ukilinganisha na bonanza moja.

Halafu kuna suala la vyama vya siasa. Kila mtu aliyepita chuo anajua, CCM wana Seneti yao ya vyuo vikuu, CHADEMA wana CHASO, na kijana kuwa na chama sio dhambi, ni haki yake, mimi mwenyewe nina chama changu. Tatizo ni pale urais wa chuo unapogeuka ngazi ya kupandia kwingine, mgombea anapata hela ya mabango kutoka kwa watu wa nje, na akishinda anakuwa na wapiga kura wawili, wale wa kampasi na wale waliomlipia. Siku chuo kikipandisha bei ya hosteli utaona anawasikiliza wapi. U-CR haujawahi kulipiwa na mtu, hakuna mwanasiasa anayehangaika na CR wa kozi ya jiografia, na ndo maana nauamini. Mtu akitoka huko anakuja na imani ya watu waliokaa naye darasa moja, waliomwona akifuatilia matokeo yao ya testi ya kwanza yaliyopotea.

Wakenya walijaribu njia nyingine kwenye hili. Sheria yao ya vyuo vikuu ilirekebishwa 2016, wanafunzi hawapigi tena kura moja kwa moja kumchagua mwenyekiti, kila idara inachagua wajumbe, wale wajumbe ndo wanachagua baraza la wanafunzi, na kiongozi anakaa mwaka mmoja, mwisho vipindi viwili. Waliona uchaguzi umekuwa wa hela na fujo mno. Mimi sehemu moja ya sheria ile naipenda na nyingine siipendi. Siipendi hii ya wajumbe, kwa sababu kununua wajumbe wachache ni rahisi kuliko kununua chuo kizima, na mwanafunzi wa kawaida anabaki anaangalia tu. Ninayoipenda ni kwamba mwenyekiti na makamu wake lazima wawe wa jinsia tofauti. Lakini hata hapo unajua kitakachotokea, mwanaume mwenyekiti, binti makamu, mwaka huu na mwaka ujao na mwingine.

Na hili la mabinti kwetu linaanzia kwenye u-CR huo huo. Darasa linachagua CR wawili, wa kiume anaitwa CR, wa kike anaitwa CR msaidizi hata kama hakuna popote palipoandikwa kwamba yeye ni msaidizi, na kazi yake inakuwa kukusanya asaimenti na kuandika mahudhurio. Wa kiume ndo anaenda kwa mkuu wa idara. Semista mbili zikipita, yule wa kiume anajuana na kila mhadhiri, anajua kila ofisi iko wapi, na yule binti ana mwandiko mzuri. Uchaguzi wa ubunge ukija unamuuliza binti kwa nini hugombei, anasema sina uzoefu. Angeupata wapi? Mimi niliwahi kumwambia mwenzangu mapema kabisa, kaka, barua za wiki hii naenda nazo mimi, wiki ijayo wewe, na hakuwa na shida, alikuwa hajafikiria tu. Mabinti mnaosoma hapa, msisubiri mtu afikirie.

Kuhusu masomo niseme kwa kifupi, maana wazazi ndo wanachoogopa. Ni kweli uongozi unakula muda na kuna Waheshimiwa wamedisko, yaani wamefeli wakaondolewa chuo, nawajua, na vyuo vingi vinaweka kiwango cha chini cha GPA, wastani wa matokeo, ambacho mgombea lazima awe nacho, ni kanuni nzuri. Lakini ukiwa CR unajipima na mzigo mdogo kwanza. Ukiona umeanza kula sapu, mitihani ya kurudia, kwa sababu ya simu za saa tano usiku, basi weka saa ya mwisho ya kujibu grupu na uwaambie watu, watazoea, wangu walizoea. Asiyejua kuweka mpaka kwa watu mia mbili hawezi kuuweka kwa watu elfu kumi.

Na sio lazima iwe serikali ya wanafunzi peke yake. Kuna waliojifunza hesabu za fedha kwa kuwa mweka hazina wa kwaya kwenye vyama vya wanafunzi Wakristo kama TMCS au CASFETA, kuna waliojifunza kuandaa mkutano mkubwa kwenye jumuiya za Kiislamu kama MSAUD, wakati wa futari ya pamoja watu mamia wanakula na kila shilingi inaandikwa kwenye daftari. Nikimchagua mtu wa kushika hela ya serikali ya wanafunzi namtaka huyo wa daftari, anayeongea vizuri atafutiwe kazi nyingine.

Sasa mafaili. Serikali ya wanafunzi inakaa mwaka mmoja. Inaapishwa, inakuja kushtuka imeshazoea ofisi, mitihani ya semista ya pili hiyo, uchaguzi mwingine. Makabidhiano kwenye vyuo vingi ni chakula, picha na funguo. Mimi nilipoingia wizarani nilikuta meza, viti viwili na kabati lenye posta za kampeni za mtu. Hakuna barua hata moja. Hakuna anayejua mwaka jana waliomba nini wakajibiwa nini, kwahiyo chuo kinakwambia hilo halijawahi kuletwa, na wewe huna cha kuonyesha hata kama lililetwa mara tatu. Ofisi ya chuo ina kumbukumbu za miaka yote, sisi tuna kumbukumbu za tangu tulipoapishwa, unakaaje kwenye meza moja na mtu kama huyo mkalingana?

Kwahiyo nikaacha faili. Kama uko kwenye uongozi mwaka huu, au umenyoosha mkono wiki hii ukapewa u-CR, nakuandikia nilichoweka ndani uige au uboreshe. Nakala za barua zote zilizogongwa mhuri, za zamani chini, za karibuni juu, na nyuma ya kila barua kwa penseli nimeandika alijibu nani, lini, na kwa mdomo au kwa maandishi. Mihtasari ya vikao nilivyoingia, kurasa zenye maamuzi yanayohusu wanafunzi zimekunjwa pembe. Ukurasa mmoja unaoeleza safari ya bumu kutoka Bodi mpaka kwenye simu ya mwanafunzi, ofisi kwa ofisi, na linakwama wapi mara nyingi. Ukurasa mwingine wa matatizo ya usajili na dawa yake, lile la S na P likiwa namba moja, maana halikuwa la yule dada peke yake, kila mwaka wanakuja wengine waliorudia kidato cha nne. Orodha ya ma-CR wa kila kozi na namba zao, kwa ruhusa yao. Na mambo ambayo hayajaisha, nimeyaandika kwa kalamu nyekundu mbele kabisa, la kwanza likiwa ombi kwamba fomu ya usajili iwe na sehemu ya kuuliza mwanafunzi aliombea mkopo kwa namba ipi ya mtihani. Aliyenipokea aliliendeleza, akalipeleka kwenye kamati na barua zangu tatu kama viambatisho, na mdogo wangu aliyejiunga pale baadae alinitumia picha ya fomu mpya, hiyo sehemu ipo, mstari wa sita.